Springi ngumu za klachi kwenye kwadi ya michezo: lini zinafaa na namna ya kuzifunga

Klachi inayoteleza haijifichi. Unapanda mlima wa Kibosho kwenye gia ya nne, unabonyeza mafuta kwa kidole gumba, injini inapaa kwa kelele lakini kwadi, yaani pikipiki yako ya magurudumu manne, haiongezi mwendo. Ukirudi nyumbani na kufungua kifuniko cha oili, unakutana na harufu ya kitu kilichoungua. Ukiuliza, jibu la kwanza utakalopewa ni ununue springi ngumu. Ushauri huo una mahali pake, ila mara nyingi springi ngumu huwekwa kuficha klachi pleti zilizokwisha. Zinashika kwa muda, kisha utelezi unarudi, na safari hii mkono wa klachi nao umekuwa mzito.

Yanayofuata hapa ni kwa kwadi za michezo zenye klachi ya mkono inayofanya kazi ndani ya oili: Yamaha Raptor 700 na YFZ450, Honda TRX400EX na TRX450R, Suzuki LT-Z400 na nyingine za ukoo huo. Kwadi ndogo za cc 110 na 125 zisizo na mkono wa klachi, pamoja na zile za kazi zinazotumia mkanda, zina mpangilio tofauti kabisa. Hizo ziache.

Springi inafanya nini, na haifanyi nini

Ndani ya hausingi ya klachi, yaani bakuli la nje lenye vidole, kuna klachi pleti zenye tabaka la msuguano, zikipishana na pleti za chuma. Springi, ambazo huwa nne, tano au sita, zinaibana presha pleti, sahani ya nje inayozikandamiza nyingine, ili mkusanyiko wote ushikamane. Nguvu ambayo klachi inaweza kupitisha inategemea mambo manne: springi zinabana kwa kiasi gani, pleti zina mshiko gani, upana wa pleti, na idadi ya nyuso zinazogusana. Ukibadilisha springi umegusa jambo moja tu kati ya hayo. Ugumu ukiongezeka kwa asilimia 10, klachi inabeba asilimia 10 zaidi, na vidole vyako navyo vinavuta kama asilimia 10 zaidi. Seti za EBC, kwa mfano, zinatengenezwa ziwe ngumu kuliko za kiwandani kwa kati ya asilimia 10 na 15. Barnett na Hinson nao wanatoa seti zao kwa modeli nyingi. Hakuna muujiza wa asilimia 50 hapo.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo wauzaji hawalitaji. Arusha mjini iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa kama asilimia 13 ukilinganisha na ya pwani. Injini isiyo na tabo (turbo ya kusukuma hewa) inapoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Moshi iko chini zaidi, hivyo upotevu wake ni mdogo, lakini upo. Maana yake ni kwamba kwadi ambayo injini yake haijaguswa, ikiteleza klachi Arusha, haiwezi kuwa inateleza kwa sababu injini imeizidi nguvu klachi. Kiwandani klachi hiyo ilipangiwa kubeba injini ileile ikivuta hewa nzito ya pwani. Kuna kitu kimechakaa au kimeharibika, na springi ngumu si dawa yake.

Zinafaa lini basi? Injini ikiwa imeongezwa: pistoni kubwa, kemshafti ya mashindano, ekzosi iliyofunguliwa pamoja na kabureta au mfumo wa mafuta uliorekebishwa. Tairi kubwa zaidi. Dereva wa mashindano anayecheza na klachi kila kona. Na yule aliyeiandaa kwadi yake Arusha ikawa haina tabu, halafu akaipakia kwenye gari kwenda kuikimbiza kwenye mchanga wa Tanga au Bagamoyo. Kule injini inapata hewa yote, mchanga unashika tairi, na klachi iliyokuwa inatosha kwa nafasi ndogo inaanza kuteleza.

Ondoa kwanza sababu za bei rahisi

Anza na waya wa klachi. Ncha ya mkono inatakiwa icheze mm 10 hadi 15 kabla hujahisi uzito wa springi, isipokuwa kitabu cha modeli yako kimetaja kipimo kingine. Waya ukiwa umevutwa mno, presha pleti inabaki imeinuliwa kidogo muda wote na klachi inateleza hata ikiwa na springi mpya. Lainisha waya, ulegeze kwenye kirekebishi, ujaribu tena. Ni kazi ya dakika kumi, na kuna klachi nzima zilizofunguliwa bure kwa kuiruka.

Pili, oili. Oili za gari nyepesi, hasa zenye alama ya Resource Conserving kwenye kopo, zina viungo vya kupunguza msuguano, na msuguano ndio uhai wa klachi hii. Tafuta kopo lenye alama ya JASO MA au MA2, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. JASO MB ni ya skuta zenye klachi kavu, usiiweke. Kwa bahati nzuri oili za bodaboda zenye JASO MA zipo kila duka la spea. Gredi ya 10W-40 inatosha sehemu kubwa ya mwaka. Kwa joto la tambarare za mashamba ya miwa ya TPC kusini mwa Moshi, 20W-50 inafaa endapo kitabu kinairuhusu. Kama oili mbaya imekaa muda mrefu, kubadilisha mara moja huenda kusitoshe, maana pleti zimeshainywa.

Yote mawili yakiwa sawa na klachi bado inateleza, sasa fungua.

Vitu vya kuandaa

Seti kamili ya springi za modeli yako, gasketi mpya ya kava la klachi, oili ya kutosha na filta yake, soketi namba 8 na 10 zenye mkono wa T, torki renchi ndogo inayosoma vizuri chini ya 15 Nm, venia kalipa ya kupimia unene, fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya), kipande cha kioo kilichonyooka, na matambara safi. Torki renchi kubwa ya kukazia nati za matairi ya gari haitakusaidia: kwenye 10 Nm haisomi kitu cha kuaminika. Nunua pia bolti mbili tatu za akiba za M6.

Springi za bodaboda za Boxer au TVS zinazouzwa kwa bei poa soko la Kilombero, Arusha, zinaweza kufanana na zako kwa macho. Usizifunge kwa kufanana. Urefu, unene wa waya na idadi ya mizunguko vinatofautiana, na utaona hapa chini kwa nini tofauti ya mm 2 ni kubwa.

Kufungua

1. Osha kwadi kwanza, hasa upande wa kulia, maana kwenye modeli tulizozitaja klachi iko huko. Vumbi la Oldonyo Sambu ni laini kama unga na linakaa kwenye kila kona ya kava. Likidondokea ndani, linakwenda moja kwa moja kwenye beringi na pampu ya oili.

2. Mwaga oili injini ikiwa ya vuguvugu. Nyingi za kwadi hizi zina tangi la oili lililo mbali na injini, kwa hiyo kuna nati mbili za kumwagia. Ukimwaga moja na kuisahau nyingine, utachanganya oili mpya na ya zamani, kisha utajaza kupita kiasi.

3. Legeza waya wa klachi kabisa. Toa kikanyagio cha kulia na pedeli ya breki kama vinazuia. Angalia kama kava lako ni la vipande viwili: modeli kadhaa zina kava dogo la duara juu ya klachi peke yake, na hilo ndilo unalotoa. Kama ni kava moja kubwa lenye pampu ya maji, mwaga maji ya rejeta kwanza.

4. Chora umbo la kava kwenye boksi la karatasi, toboa matundu, na kila bolti uichomeke mahali pake unapoitoa. Bolti za kava hazilingani urefu. Ndefu ikiingia kwenye tundu fupi, inapasua alumini au inasimama kabla kava halijabana, na utaona uvujaji usioujua chanzo.

5. Gonga kava kwa nyundo ya mpira au kipande cha mbao hadi liachie. Bisibisi kati ya kava na injini ni marufuku, kwa sababu mkwaruzo mmoja kwenye uso wa gasketi utavuja oili miaka yote. Angalia doweli, vile vipini vya kulipanga kava, zimebaki upande gani.

6. Legeza bolti za springi kwa msalaba, nusu mzunguko kila moja, ukirudia hadi zote ziwe zimelegea. Hapa ndipo haraka inapoleta hasara. Ukiimaliza moja kabla ya nyingine, presha pleti inakaa upande, na vinguzo vya alumini vinavyoshika bolti hupasuka. Kinguzo kikivunjika, habu nzima ya ndani, yaani kitovu kinachobeba pleti za chuma, ni ya kubadilisha.

Ukiitoa presha pleti, chunguza beringi ya katikati. Izungushe kwa kidole: ikikwaruza, ibadilishe, kwa kuwa springi ngumu zitaisukuma zaidi ya ilivyozoea. Toa pleti zote na uzipange chini kwa mpangilio uleule zilivyotoka. Kuna klachi zenye springi bapa ya kupunguza mtikisiko pale chini kabisa, pamoja na klachi pleti moja yenye tundu pana kuliko wenzake inayokaa juu yake. Ukizichanganya hizo, klachi haitaachia vizuri.

Pima kabla ya kuamua

Klachi pleti mpya kwa kawaida zina unene wa karibu mm 3.0, na kikomo kiko kati ya mm 2.6 na 2.8 kutegemea modeli. Pima kila moja sehemu tatu. Zikiwa zimefika kikomo, badilisha seti nzima. Kumbuka pia kwamba pleti zikipungua, mkusanyiko wote unafupika, presha pleti inazama ndani na springi zinalegea. Pleti saba zilizoliwa mm 0.2 kila moja zimeipunguzia springi mm 1.4 ya mbano. Pengine springi zako hazina ubaya wowote.

Pleti za chuma ziweke juu ya kioo na ujaribu kupitisha fila geji ya mm 0.2 chini yake. Ikipita kwa urahisi, pleti imepinda. Iliyobadilika rangi kuwa ya buluu imeungua, itupe. Iliyong'aa kama kioo tu unaweza kuikwangua kwa msasa namba 220 kwa mizunguko midogo.

Kagua vidole vya hausingi pale masikio ya klachi pleti yanapogonga. Vimashimo vidogo vinaweza kusawazishwa kwa tupa laini. Vikiwa vya kina, pleti zinanasa humo na klachi inaachia kwa kushtuka. Hilo ni tatizo la hausingi, na springi ngumu zitalizidisha.

Sasa springi zenyewe, sehemu ambayo mafundi wengi huipita kwa jicho. Nguvu ya springi ikiwa imefungwa ni ugumu wake ukizidishwa kwa milimita ilizobanwa. Springi mpya inaweza kuwa ngumu zaidi na bado ikabana sawa na ya zamani kama ni fupi. Chukua mfano: ya zamani ina ugumu wa niutoni 10 kwa kila mm na imebanwa mm 15, inasukuma niutoni 150. Mpya ina niutoni 11.4 kwa mm lakini ni fupi kwa mm 2, imebanwa mm 13 tu, inasukuma niutoni 148. Umelipa hela kwa kutopata kitu.

Kujua ugumu bila mashine, tafuta fimbo ya nyuzi ya M6. Ipitishe ndani ya springi ya zamani, weka washa, ifuatie springi mpya, kisha washa na nati pande zote mbili. Pima urefu wa kila moja, kaza nati, pima tena. Zote mbili zinabanwa kwa nguvu ileile, kwa hiyo iliyo laini itafupika zaidi. Ya zamani ikishuka mm 10 na mpya mm 8.8, mpya ni ngumu kwa karibu asilimia 14. Zikishuka sawasawa, muuzaji amekupa springi za kawaida zilizopakwa rangi, na hapo una ushahidi wa kumrudishia.

Cha mwisho kupima ni nafasi. Hesabu mizunguko ya springi, zidisha kwa unene wa waya, utapata urefu wake ikiwa imebanwa hadi mizunguko igusane. Springi ya mizunguko 8 na waya wa mm 2.6 inaishia mm 20.8. Kama ikifungwa inakaa kwenye mm 25 na presha pleti inainuka mm 2 unapovuta mkono, springi inafika mm 23, na bado kuna mm 2.2 ya usalama. Sasa fikiria yule anayeongeza washa za mm 1.5 chini ya bolti ili kukaza zaidi. Washa moja inaacha mm 0.7, jambo ambalo tayari ni hatari. Washa mbili: mizunguko inagusana kabla klachi haijaachia, na ukivuta kwa nguvu unakata waya au kuvunja kishikio. Ujanja wa washa hatuupendekezi kwenye kwadi ya mtu yeyote. Bei ya seti ya springi ni ndogo kuliko ya habu.

Wengine wanataka kuongeza kidogo tu, hivyo wanachanganya springi ngumu na za zamani. Klachi ya springi sita inakubali: ngumu tatu na za kawaida tatu, zikipishana. Ya springi nne: mbili ngumu zikitazamana. Kwa seti ya asilimia 15 utapata nyongeza ya kama asilimia 7.5, na mara nyingi hiyo inatosha kwa ekzosi na kabureta peke yake. Klachi ya springi tano haiwezi kugawanywa kwa usawa, kwa hiyo badilisha zote au usibadilishe.

Kufunga

Klachi pleti mpya zilazwe ndani ya oili usiku kucha. Zikifungwa kavu zinaungua siku ya kwanza. Pleti zinazorudi zipake oili upya. Zirudishe kwa mpangilio ulioupanga, ukianza na kumaliza na klachi pleti. Kwenye baadhi ya klachi pleti ya mwisho ya nje masikio yake hukaa kwenye mfereji mfupi tofauti na wenzake. Uliiona wakati wa kufungua, irudishe hapohapo.

Weka presha pleti na uhakikishe imekaa kwenye meno ya habu na imelala sawa pande zote. Ikiwa imepanda juu ya jino, itaonekana imeinuka upande mmoja. Usikaze ukitegemea itajiingiza yenyewe. Ingiza springi, anza bolti zote kwa vidole, kisha kaza kwa msalaba nusu mzunguko kwa zamu. Mwisho torki renchi: bolti hizi za M6 hukazwa kati ya 8 na 12 Nm, na namba kamili iko kwenye kitabu cha modeli. Springi ngumu zinakufanya uhisi bolti bado haijafika wakati imeshafika, ndiyo maana mkono mtupu hapa unakata bolti.

Kabla ya kurudisha kava, kama mfumo wako unaruhusu, mwambie mtu avute mkono wa klachi huku ukitazama presha pleti. Inapaswa kuinuka sawa pande zote. Ikiinuka kwa pembe, springi moja ni tofauti au bolti moja haijafika mwisho. Kuna klachi zinazovuta badala ya kusukuma, zenye fimbo ya meno inayoingia kwenye gia ndogo ndani ya kava. Meno hayo lazima yaelekee kwenye gia hiyo unapofunga, la sivyo mkono utakuwa mtupu.

Safisha uso wa gasketi kwa kipande cha plastiki, si kisu. Gasketi mpya ikae kavu. Wanaopenda silikoni wakumbuke kwamba inayobanwa nje inabanwa pia ndani, inakatika vipande na kuziba chujio la oili. Kaza bolti za kava kwa msalaba. Jaza oili kwa kiasi kilichoandikwa, washa injini dakika tatu, zima, kisha pima kama kitabu kinavyoelekeza. Kwenye injini zenye tangi la pembeni, kupima kabla ya kuwasha kunadanganya. Rekebisha waya uwe na mchezo wa mm 10 hadi 15.

Kujaribu

Kwanza papo hapo: vuta mkono hadi mwisho, shika breki, weka gia ya kwanza. Kwadi ikisukuma mbele, klachi haiachii. Punguza mchezo wa waya kidogo. Kama bado, ama springi zinagusana mizunguko ama pleti zimepangwa vibaya. Fungua tena, usiilazimishe kwa kuingiza gia kwa nguvu.

Kisha barabarani, injini ikishapata moto, maana oili ya moto ndiyo inayofichua utelezi. Barabara ya lami ya Moshi–Arusha si mahali pa kujaribia. Tafuta njia ya shamba yenye mpando mrefu, panda kwa gia ya nne kutoka mwendo wa wastani na ubonyeze mafuta hadi mwisho. Injini na mwendo vinatakiwa kupanda pamoja. Pleti zikiwa mpya, usifanye jaribio hili siku ya kwanza. Zipe safari za taratibu kwanza zishikane na pleti za chuma.

Mkono ukiwa mzito kupita unavyovumilia, usiukatie waya kona kali: upitishe kwa upinde mpana, ulainishe, ubadilishe kama nyuzi zimeanza kukatika. Kishikio kinachovutwa na waya upande wa injini, kikiwa kirefu zaidi, hupunguza uzito, lakini kinapunguza pia mwinuko wa presha pleti, kwa hiyo rudia jaribio la gia ya kwanza ukikifunga.

Badilisha oili mapema baada ya pleti mpya, kwani vumbi la mwanzo la msuguano linaishia humo. Springi za zamani zifunge kwenye mfuko na uziandikie modeli. Siku ukirudisha injini kwenye hali ya kiwandani utazihitaji.